Hedi Iliyosagwa Chumbani

Hedi ya gari la Daktari wa Meno, yaani kichwa cha injini yake, ililetwa nyumbani kwa mkokoteni, imeviringishwa shuka la maua, na mtu asiyejua angedhani ni mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mzee Hedi alitangulia akisafisha njia kwa mdomo. "Pole pole hapo! Kuna shimo! Wee bwana, hilo ulilobeba si gunia la mkaa!" Msukuma mkokoteni alikuja nyuma akisonya. Mlangoni alisimama mke wa Mzee, mikono ya gauni ameshaikunja mpaka kwenye viwiko, na mara tu hedi ilipoingia ndani alifunga mlango kwa komeo.

"Kuna mtu kauliza?" alisema.

"Aulize nini? Bosi mwenyewe anawatangazia wateja. Anasema mzee wangu hasagi valvu gerejini, ati anataka utulivu. Daktari wa Meno kafurahi huyo! Kaniambia na yeye hapendi kusemeshwa akitoboa jino la mtu."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Maana ukweli ni kwamba Mzee hakuwa na haja ya utulivu wowote. Mzee vidole vyake vilikuwa vimekufa. Kisukari kilianza na nyayo, kikazitia ganzi, kikaja mikononi, na huu ulikuwa mwaka wa pili hajui tofauti ya kushika msumari na kushika sigara. Sasa niambieni, fundi wa hedi asiye na vidole ni nani? Ni mzee tu aliyevaa ovaroli.

Na ovaroli ile hakuweza kuivua. Bosi aliwakatia mafundi wake kadi ya matibabu, na kwa kadi hiyo Mzee alipata sindano zake kila mwezi bila kutoa senti. Kadi ni ya gereji. Ukitoka gerejini, kadi unaiacha mezani. Sindano hizo ukizinunua kwa fedha yako, mshahara wote wa fundi unaishia kwenye vichupa viwili, na bado hujala. Kwa hiyo hedi zilikuja nyumbani, zikalazwa juu ya meza chumbani, na kazi akafanya mke.

Jina la utani alipewa na mumewe huyo huyo, Bi Taratibu, kwa sababu alisema hata chai huikoroga kama anaogopa kuiumiza. Alianza kwa kumshikia taa, akaja kumshikia valvu, na siku vidole vya mume vilipogoma, vya mke vilikuwa vimeshajifunza. Hakuna aliyejua isipokuwa wifi yake, dada wa Mzee, mjane aliyeishi nao chumba cha pili, na huyo alijua kwa kuwa hakuna jambo la nyumba hiyo ambalo hakulijua.

"Chuma kingine hicho," wifi alisema, amejiegemeza mlangoni. "Wanawake wenzio huletewa viatu."

"Nishikie hapa wifi, acha maneno."

"Sishiki. Mimi siri zenu hizi zitawatokea puani, na siku hiyo nataka niwe nimenawa mikono."

Lakini alishika.

*

Daktari wa Meno alikuwa na gari jekundu la viti viwili, na ingawa lilikimbia kuliko magari yote ya mtaa ule, alitaka likimbie zaidi. Kuna watu wana shida za namna hiyo. Alikuwa ameandikishwa kwenye mashindano ya kupanda mlima kwa gari, na Bosi alimwahidi kumwongezea nguvu: kamshafti mbili mpya, zile fito za chuma zinazosukuma valvu, zenye nundu ndefu, ili valvu zifunguke zaidi na injini ivute pumzi kubwa, na hedi ikwanguliwe uso wake wa chini, ili pumzi hiyo ibanwe vizuri zaidi kabla ya kuwaka. Ni kazi nzuri, ila ina hatari yake. Hedi ukiikwangua unazisogeza valvu karibu na pistoni, na nundu ndefu inazisukuma chini zaidi. Zinapishana kwa nafasi ya kucha. Ukikosea, zinagongana.

Kwa siku nne chumba kilinuka mafuta ya taa. Bi Taratibu alipaka valvu ya kwanza unga laini wa kusagia, akaipachika kwenye kitako chake, akaizungusha kwa kijiti baina ya viganja, huku na huku, akiinyanyua na kuirudisha, mpaka sauti ya mkwaruzo ikalainika. Akafuta. Akatazama kama mduara wa kijivu umetimia. Akahamia ya pili. Zilikuwa kumi na sita, na kila moja ina kitako chake, haikai kwa mwenzake.

Mzee alikaa kwenye kigoda akimwelekeza. Alipotaka kujua kama njia ya hewa imelainika, aliinama akapitisha mdomo wake wa chini humo ndani, maana midomo ilikuwa bado hai.

"Heee!" wifi alipiga kelele. "Kaka anabusu vyuma! Mkewe yupo hapa!"

"Nyamaza wewe," Mzee alisema, ameinuka na mdomo mweusi. Kisha, kwa sauti nyingine, akamwambia mkewe, "Imelainika kuliko nilivyokuwa nalainisha mimi."

Sifa ile ilimfurahisha Bi Taratibu, na papo hapo ikamuuma, kwa sababu aliona jinsi mumewe alivyoitoa, kama mtu anayekabidhi funguo. Aliinama akaendelea na ya tisa.

Siku ya tano alipima nafasi za valvu zote kwa vile vibamba vyembamba vya kupimia, akisukuma kibamba na kusikiliza kwa vidole kinavyokwama kidogo na kupita. Kumi na sita, mara mbili. Hakuna hata moja iliyompinga. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi safi kuliko ile, na alilijua hilo.

"Sasa nisikilize," alimwambia mumewe walipokuwa wanaifunga tena shuka. "Ukishaipandisha kwenye gari na kufunga mkanda unaozungusha kamshafti, usiiwashe kabla hujaizungusha injini kwa spana, mizunguko miwili mizima. Kama valvu inagusa pistoni, mkono utasikia inakataa."

Mzee alimtazama. "Unanifundisha hilo mimi? Nani alikufundisha wewe?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nakuambia mpe Fundi Umeme wa hapo gerejini ashike spana."

"Nimpe kwa sababu gani?"

"Mwambie mgongo unauma."

"Mgongo ukiuma wiki hii, wiki ijayo wataniuliza macho. Fundi Umeme ameshaanza kunitazama mikono kila ninapodondosha nati. Nitazungusha mwenyewe."

"Mume wangu, mkono wako hautasikia."

"Nitatazama!" alisema kwa ukali. "Macho ninayo bado, au na hayo umeshayachukua?"

Wifi alijifanya kukohoa. Bi Taratibu alikaza fundo la shuka.

*

Siku ya kuwasha gari Bi Taratibu alifika gerejini adhuhuri na chombo cha chakula na sindano ya mchana, kama kila siku. Kulikuwa na benchi karibu na lango walipokaa wake za mafundi na wateja wasio na umuhimu. Alikaa hapo. Gari jekundu lilikuwa limefunguliwa mdomo, mafundi sita wamelizunguka, Bosi amevaa shati safi, na Daktari wa Meno, mtu mpole, mfupi, mwenye miwani, anasugua viganja kwa furaha.

"Mzee wetu huyu," Bosi alikuwa anasema, amemshika Mzee bega, "daktari, mikono yake ingekuwa ya kwako, watu wangekuja kung'olewa meno kwa kupenda."

"Naamini, naamini," Daktari alisema.

Mzee alicheka na kuficha mikono mfukoni.

Waliwasha. Injini ilikohoa, ikashika, ikatulia kwenye mngurumo mzito wenye kuyumba kidogo, vile ambavyo kamshafti za namna hiyo hunguruma gari likiwa limesimama. Mafundi walipiga makofi. Mtu alipiga mluzi. Bi Taratibu naye alitabasamu peke yake kwenye benchi, chombo cha chakula mapajani. Ile ilikuwa ni sauti yake. Hakuna aliyejua lakini ilikuwa yake.

Halafu akasikia kitu. Ndani ya ule mngurumo, chini kabisa, kulikuwa na kidonda cha sauti: ti, ti, ti, ti. Si valvu iliyolegea, hiyo angeijua, hucheza kwa juu kama cherehani. Hii ilitoka ndani, kavu. Chuma kinabusu chuma. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

Gari lipo kwenye silensa, halijakanyagwa mafuta, alijiambia, hapo valvu inagusa tu. Daktari akikanyaga mafuta, itagonga kweli. Valvu itapinda, itakatika, na kama atakuwa ameshafika mlimani, injini itajifunga kwenye kona. Na nikisema, wataniuliza nimejuaje. Alitazama kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu wa kumwachia jambo lile. Hapakuwa na mtu. Alijikuta anatembea kuelekea kwenye gari na chombo cha chakula mkononi.

"Baba," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Njoo mara moja."

"Subiri, mama. Chakula baadaye."

"Si chakula. Kuna kinachogonga."

Alitaka asikie yeye peke yake, lakini Fundi Umeme alikuwa hapo hapo, na akasikia, na akacheka. "Bosi! Mama kasema kuna kinachogonga!"

Wote waligeuka. Bi Taratibu aliona uso wa mumewe ukibadilika. Kwanza woga. Alikuwa ameelewa papo hapo, hilo aliliona wazi, maana alimfahamu. Halafu woga ukafunikwa na kitu kingine.

"Nani kakuita hapa?" Mzee alisema kwa sauti kubwa. "Nimekaa miaka arobaini na injini, leo mwanamke wa jikoni aje kunifundisha? Kinachogonga ni sufuria ulizoacha nyumbani! Nenda kakae!"

Mafundi waliangua kicheko. Bosi naye alicheka, kwa heshima. Daktari wa Meno peke yake hakucheka, akatazama viatu vyake. Bi Taratibu hakukasirika. Ajabu ni kwamba hakukasirika hata kidogo, kwa sababu macho ya mumewe yalikuwa yanamwambia jambo jingine kabisa. Yalikuwa yanamwomba. Akarudi nyuma hatua moja.

"Sikilizeni wenyewe!" Mzee alisema, bado anamtazama mkewe, na ili kuwaonyesha jinsi asivyo na wasiwasi akaegemea injini, akaweka mkono wa kulia mahali ambapo siku zote huwa pana bati la kukinga joto. Bati lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya kazi. Mkono ulikaa juu ya bomba la moshi lenyewe. "Inaimba hii! Inaimba au haiimbi?"

Alikuwa anatabasamu. Moshi mwembamba ulipanda kati ya vidole vyake, na yeye alikuwa anatabasamu.

"Mkono!" Bi Taratibu alipiga yowe, na chombo cha chakula kikamwagika sakafuni. "Mkono wako! Toa mkono!"

Mzee aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Hakuutoa kwa haraka. Aliuinua, na ngozi ya kiganja ikabaki nyuma.

*

Daktari wa Meno ndiye aliyezima gari. Ndiye aliyeagiza ndoo ya maji safi, akamkalisha Mzee juu ya tairi, akauzamisha mkono, na alifanya yote hayo kwa upole sana, na upole wake ndio uliommaliza Mzee. Alitoa kalamu mfukoni.

"Mzee, funga macho. Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Sijakugusa bado, mzee wangu. Hapa?"

Mzee alifumbua macho kutafuta kalamu iko wapi.

"Hapa? Na huu wa kushoto? Pole. Una kisukari tangu lini?"

Mafundi sita, Bosi, na mtu aliyekuja kuziba pancha walikuwa wamewazunguka. Fundi Umeme alivua kofia. Bi Taratibu alipiga magoti kwenye chakula kilichomwagika, ameshika bega la mumewe, na alitamani sana mtu acheke, kama walivyocheka dakika tano zilizopita.

"Miaka kumi na minane nakuita baba," Bosi alisema. "Baba, hukuniambia."

Kisha akaenda kwenye gari. Alifungua kifuniko cha mkanda, akatazama, akachukua spana ndefu akazungusha injini kwa mkono. Ilizunguka kidogo, ikasita, ikapita kwa kusukumwa. Akarudisha, akazungusha tena. Ikasita pale pale.

"Mkanda umeruka jino moja," alisema bila kugeuka. "Ulizungusha kabla ya kuwasha?"

"Nilizungusha."

"Mizunguko miwili?"

"Miwili."

"Mtoto mdogo angesikia hii." Aliitupa spana kwenye meza. Halafu akageuka na kumtazama Bi Taratibu, na safari hii alimtazama sawasawa. "Mama, wewe ulijuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Nawaambia ulikuwa wazi kabisa, mwanamke yule angeweza kuupita. Angesema neno moja tu. Fundi Umeme alikuwa anamtazama, Daktari alikuwa anamtazama. Aliteremsha macho akamwona mumewe juu ya tairi, mdogo, maji ya ndoo yamemlowesha ovaroli mpaka magotini, na hakuwa anamtazama mtu yeyote.

"Nimekaa naye miaka mingi," alisema. "Masikio yamezoea tu."

"Na hedi? Valvu kumi na sita, hizi nafasi zote, nani kafanya? Kwa vidole hivi?"

"Yeye," alisema Bi Taratibu.

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Mimi nilimshikia taa."

Bosi alivuta pumzi. "Basi inashuka yote. Kila valvu isagwe upya, kila nafasi ipimwe upya. Daktari, samahani sana, siwezi kukupeleka mlimani na kitu kilichopimwa na mkono usiosikia." Na kwa kweli, kwa alichoambiwa, hakukosea.

*

Nyumbani wifi alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Na wewe ukasema yeye."

"Nikasema yeye."

"Wifi, wewe una akili? Mtu anakuuliza mbele ya mashahidi, kazi hii nani kafanya, kazi yenyewe safi, na wewe unaigawa! Ungesema mimi, labda wangekupa hata kazi ya kufagia ile gereji, na kadi ikabaki."

"Punguza sauti, amelala."

Hakuwa amelala. Mzee alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, karibu na meza tupu. Bi Taratibu alipoingia alimwuliza bila kumtazama, "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungekuwa nani pale?"

"Na sasa mimi ni nani?"

Bi Taratibu alikaa kando yake. Alikuwa na hasira na kisukari, na Bosi, na ule mkanda, na zaidi ya vyote alikuwa na hasira kwamba hakuna wa kumkasirikia. Mzee alianza kulia, kimya kimya, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye bandeji na mwingine haukujua uso uko wapi mpaka autazame, mkewe ndiye aliyemfuta.

"Kesho nitawaambia," alisema Mzee. "Nitasimama pale mbele yao wote niseme. Nilikutukana mbele yao, na nitasema mbele yao."

"Si lazima."

"Ni lazima. Kadi tunaihitaji. Na ile hedi ni nzuri, mama. Nilipitisha mdomo. Hawatapata nyingine kama ile."

*

Asubuhi waliingia gerejini pamoja. Mzee alikuwa amevaa shati la kutokea, si ovaroli, na hilo peke yake liliwafanya mafundi waache spana. Hedi ilikuwa imeshashushwa, iko juu ya meza. Fundi aliyeazimwa kutoka gereji ya jirani alikuwa anachomoa valvu moja moja na kuzitupia kwenye ndoo. Bi Taratibu aliona zimechanganyika, kumi na sita zote, na mkono wake ukajiendea wenyewe kuelekea kwenye ndoo. Akaurudisha.

"Bosi," Mzee alisema. "Nina neno, na nataka wote walisikie. Hedi hii sikuisaga mimi. Ni mke wangu. Na ile ya gari la mizigo, na ile ya teksi ya yule mama, na zote za mwaka huu na mwaka jana. Mimi nilikaa kwenye kigoda. Mkono usiosikia ni wangu, lakini haukugusa hata valvu moja. Nilichogusa mimi ni mkanda, na mkanda ndio uliokosewa."

Fundi Umeme alimtazama Bi Taratibu, akafungua mdomo kidogo, akaufunga.

Bosi alimjia Mzee, akamshika mkono ule mzima kwa mikono yake miwili. "Baba," alisema, "usijidhalilishe. Sikudai chochote. Umeumia, na ninajua unaogopa habari ya matibabu, na mimi ningekuwa wewe ningesema chochote. Lakini usimbebeshe mama uongo."

"Si uongo! Mpe kibamba! Mpe valvu uone!"

"Baba."

"Mwulize mwenyewe!"

Bosi aligeuka kwa Bi Taratibu. Hakuwa na ukali wowote, alikuwa amechoka tu. "Mama, jana nilikuuliza. Mbele ya watu hawa hawa, mahali hapa hapa. Ulinijibu nini?"

"Nilisema yeye."

"Ulisema wewe ulishika taa."

"Nilisema hivyo."

"Jana ulidanganya, au leo ndiyo mnadanganya?"

"Jana," alisema, na mwenyewe alisikia jinsi neno lile lilivyotoka dogo. Mmoja wa mafundi alikohoa. Mwingine alitazama dari. Walikuwa watu wazuri, walikuwa wanamwonea aibu.

"Haya mama," Bosi alisema kwa upole. "Haya. Mtu hupigania mumewe, sikulaumu." Akaingiza mkono mfukoni, akampa Mzee noti mbili za nauli, zimekunjwa. Halafu akasita, akajikuna shingo. "Na ile kadi, baba. Ofisi wataiulizia. Samahani sana."

Mzee alihangaika na mfuko wa shati. Vidole vilipapasa, vikaishika kadi, vikaiacha, vikapapasa tena, na wote wakasimama wakimtazama. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mwisho mkewe aliitoa yeye, akaiweka mezani, karibu na ndoo ya valvu.

Walitoka. Walikuwa wameshavuka mtaro na kufika katikati ya barabara, ndipo drili ilipoanza kule ndani. Yule fundi wa kuazimwa alikuwa amefunga valvu kwenye drili badala ya kuisaga kwa mkono, na hakuwa ameweka unga wa kutosha. Ilipiga mlio mkavu, mrefu. Bi Taratibu alisimama.

"Anakausha," alisema. "Anakitafuna kitako. Kitaharibika kabisa."

"Twende, mama."

"Na valvu si ya hapo. Sikiliza! Haikai hapo, ni ya kitako kingine, nazijua." Alikuwa ameshageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

"Utamwambia wewe ni nani?" Mzee alimwuliza, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anataka kujua kweli.

Mke wake alifungua mdomo kumjibu. Mlio ulikatika, kisha ukaanza kwenye kitako cha pili. Akabaki amesimama pale pale katikati ya barabara, uso ameuelekeza gerejini, mpaka dereva wa lori akampigia honi na kumtukana.